Pingili ya mgongo imevunjika: matundu madogo au kufunguliwa? Soma kabla hamjasaini fomu

Mgonjwa wenu kagongwa akiwa kwenye bodaboda au kadondoka juu ya mnazi, mmeambiwa pingili imevunjika na anatakiwa operesheni. Msianze kuuliza kati ya matundu madogo na kufunguliwa ipi ya kisasa. Ulizeni kwanza uti wa mgongo (ule wa fahamu unaopita ndani ya pingili) au mishipa ya fahamu imebanwa au la, maana hapo ndo kila kitu kinaanzia.

Eksirei peke yake haitoshi. CT scan inaonyesha mfupa umepasuka vipi na vipande vimerudi nyuma kiasi gani, MRI inaonyesha uti wenyewe na zile kano zinazoshikilia pingili kwa nyuma. Mwombeni dokta awaonyeshe picha, mara nyingi mtakuta ni pingili ya T12 (ya mwisho ya kifua) au L1 (ya kwanza ya kiuno), pale mgongo wa kifua unapokutana na kiuno, coz juu mbavu zinakaza na chini kiuno kinacheza kwaiyo kishindo chote kinaishia hapo.

Na sio kila aliyevunjika anapasuliwa jamani. Madokta wengi wanatumia alama za TLICS, kipimo cha kuamua apasuliwe au la, wanaangalia mfupa, mishipa na kano za nyuma, ikitoka 3 kushuka mara nyingi anatibiwa kwa dawa, mkanda na mazoezi, 5 kupanda ni operesheni, 4 ni la kujadiliana.

Sasa matundu madogo. Dokta anachana sehemu ndogondogo mgongoni, kila moja inatosha skrubu kupita, anafunga skrubu juu na chini ya pingili iliyovunjika halafu anapitisha vyuma virefu chini ya ngozi huku anaangalia kwenye skrini ya eksirei. Misuli haibanduliwi, damu inapotea kidogo, maumivu ya siku za mwanzo yanapungua na mgonjwa anatoka wodini mapema. Lakini vifaa ni ghali, mionzi ni mingi zaidi, na inataka dokta aliyezoea kweli. Halafu ukishapita mwaka hivi matokeo ya njia zote mbili yanakaribiana sana, kwaiyo msiuze shamba kwa ajili ya kovu dogo!

Ila kama miguu imeishiwa nguvu, mkojo umegoma kutoka au unajitokea wenyewe, kuna ganzi sehemu za siri, hapo mara nyingi anafunguliwa, dokta anachana katikati ya mgongo, anasogeza misuli, anatoa mfupa unaobana. Hii msiicheleweshe hata kidogo, kama mko Dar ombeni rufaa ya haraka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na anapobebwa awe amenyooka, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja, asikalishwe.

Kabla ya kusaini ulizeni: dokta atakayefanya kazoea njia ipi, bima inalipa skrubu au mnanunua wenyewe, na vyuma vitatolewa baadaye? Hilo la mwisho watu wanalisahau, kwa matundu madogo mara nyingi pingili haziunganishwi zikawa mfupa mmoja, kwaiyo mfupa ukishaunga vyuma vinaweza kutolewa, na hiyo ni operesheni nyingine yenye bili yake, iwekeni kwenye hesabu mapema.

Akirudi nyumbani, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda au miguu ikianza kulegea upya, mrudisheni siku hiyohiyo hata kama kliniki yake ni wiki ijayo.