SOMO: Namba ya AS iliyolala, namna ya kuijua na kuilinda (soma mpaka mwisho ndo uulize)

Assalamu alaykum wenzangu.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne, mbili kwa simu na mbili nje ya msikiti: "Namba yetu ya AS hatuitumii siku hizi, ikikaa tu ina ubaya gani?" Nimechoka kujibu kipande kipande. Naandika yote hapa, na atakayekuuliza mpe hii asome.

Kwa wageni wa mambo haya: namba ya AS ndiyo jina la mtandao wako mbele ya mitandao mingine. Ruta zinapozungumza kwa BGP (lugha ya kuelekezana njia kati ya mitandao) huambiana "anuani hizi zinapatikana kwangu", na kila tangazo hubeba mlolongo wa namba za AS lilikopitia. Afrika namba hizi hutolewa na AFRINIC, pale Ebene, Mauritius. Zake za zamani nyingi zimo kati ya 36864 na 37887, na zile ndefu zimeanzia 327680.

Namba iliyolala ni ile iliyosajiliwa lakini haionekani kwenye njia yoyote. Kampuni imemezwa na nyingine, mradi wa wafadhili umekwisha, hoteli imeamua kumtegemea mtoa huduma mmoja. Ruta imeng'olewa, namba imebaki kwenye daftari. Sasa, BGP haimwulizi mtu kitambulisho. Mtu akiiandika namba yako kwenye ruta yake huko ng'ambo na jirani yake akampokea, anatembea kwa jina lako. Akimwaga barua taka, malalamiko yanakuja kwako. Mkumbuke tarehe 24 Februari 2008: Pakistan Telecom ilitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi yake tu, tangazo la 208.65.153.0/24 likavuja, na YouTube ikapotea duniani kwa kiasi cha saa mbili. Ile haikuwa wizi, na mwenye mali alikuwa macho, akapiga kelele siku ile ile. Kwenye namba iliyolala hakuna wa kupiga kelele. Ndiyo maana wezi wanaipenda.

Katika mifano natumia 64500, namba iliyotengwa kwa kufundishia. Msiniwekee namba zenu halisi hapa.

Hatua ya 1. Orodha. Shusha faili la delegated-afrinic-extended-latest kutoka ftp.afrinic.net, kisha:

`grep 'afrinic|TZ|asn' delegated-afrinic-extended-latest`

Zanzibar haina herufi zake, tumo ndani ya TZ. Safu ya mwisho ya kila mstari ni alama ya mmiliki. Itafute hiyo alama faili zima, utaziona na anuani za IP za mmiliki huyo huyo.

Hatua ya 2. Imeonekana lini mara ya mwisho? Kwenye RIPEstat, tovuti yenye kumbukumbu za matangazo ya BGP, fungua `https://stat.ripe.net/data/routing-status/data.json?resource=AS64500` usome last_seen.

Hatua ya 3. Hakikisha imelala kweli. Hapa nilikosea mimi, na kosa langu liliwaumiza watu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nilikuwa nasaidia taasisi moja yenye ofisi Mjini na tawi Chake Chake. Walikuwa na namba mbili za AS, moja ya kazi na moja ya zamani. Nikaitazama ya zamani kwa announced-prefixes ya RIPEstat: tupu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba imelala, nikafuta ROA yake (cheti kinachosema namba ipi ya AS inaruhusiwa kutangaza anuani zipi), na anuani zake nikaziwekea ROA ya AS0, ambayo maana yake ni "anuani hizi asizitangaze mtu yeyote". Nikaona nimefanya kazi safi.

Mwezi wa nne, katikati ya masika, laini kuu ikakatika. Ruta ya akiba ikaamka yenyewe kama ilivyopangwa, ikaanza kutangaza kwa ile namba ya zamani. Nimesimama mbele ya kabati la ruta, taa ya kijani inawaka, jirani yuko juu, nikiandika `show ip bgp neighbors <anuani ya jirani> advertised-routes` naiona njia inatoka. Lakini nje hakuna anayeipokea. Saa nne nzima nahangaika na waya, nabadilisha moduli za faiba, namlaumu mtoa laini kwenye simu, na Chake watu wamesimama dirishani hawahudumiwi. Mwishowe nikatazama kutokea nje, kwa macho ya mitandao mingine: tangazo letu limeandikwa invalid, yaani batili. Mtoa laini alikuwa anachuja kwa RPKI (mfumo wa kukagua matangazo kwa kutumia ROA), na alikuwa na haki. Aliyeifunga njia ile ni mimi. Nikafuta ile AS0, nikaweka ROA sahihi, na bado tukangoja zaidi ya saa nzima ndipo mabadiliko yakawafikia wenzetu.

Kwa hiyo, tafadhali:

Usiridhike na wiki mbili. Announced-prefixes usipoiambia tarehe inakuonesha wiki mbili zilizopita tu. Tumia routing-history, rudi nyuma mwaka mmoja kamili au zaidi, upite masika mazima, maana ndiyo majira ambayo laini zetu hukatika na za akiba huamka.

Usitazame mwanzo wa njia peke yake. Namba inaweza isitangaze anuani hata moja na bado ikawa katikati ya njia, inapitisha za wateja wake. Tazama na asn-neighbours.

Na jambo ambalo hakuna skripti italifanya kwa niaba yako: mpigie simu mwenye namba, umwulize kama kuna ruta ya akiba mahali popote. Mpaka akujibu kwa maandishi, AS0 usiiguse.

Hatua ya 4. Weka mlinzi. BGPalerter, programu ya bure ya kutazama matangazo, haihitaji hifadhidata. Amri yake ya generate huunda orodha kutokana na matangazo yaliyopo, na namba iliyolala haina tangazo, kwa hiyo iongeze kwa mkono kwenye prefixes.yml ya mtandao wako ulio hai:

```
options:
  monitorASns:
    64500:
      group: default
```

Ikitangaza anuani yoyote isiyo kwenye orodha yako, unapata arifa. Thamani ya thresholdMinPeers (idadi ya majirani wanaotakiwa kuliona tangazo kabla ya arifa kutoka) ishushe, kwa sababu mwizi mjanja hutangaza kwa majirani wachache tu. Hii inatazama mwanzo wa njia. Kwa katikati ya njia weka cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) iulize asn-neighbours kila wiki.

Hatua ya 5. Barua pepe ya mawasiliano. `whois -h whois.afrinic.net AS64500`. Kikoa cha barua pepe iliyoandikwa pale kikiisha muda, yeyote anaweza kukinunua na kujibu barua kama yeye ndiye wewe. Endelea kukilipia hata kama kampuni imefungwa.

Hatua ya 6. ROA za zamani. RPKI hukagua namba ya mwanzo tu, haikagui njia nzima. ROA inayoitaja namba iliyolala ni ufunguo ulioachwa mlangoni: mwizi akitangaza anuani zako kwa namba ile, anatoka valid. Ukishamaliza Hatua ya 3 (namaanisha kuimaliza), ifute kwenye MyAFRINIC (ukurasa wa wanachama wa AFRINIC), na route object zake (kumbukumbu za njia kwenye daftari) pia.

Hatua ya 7. Huihitaji tena? Irudishe AFRINIC.

---

darajani_net: Mkuu ahsante. Kwa hiyo nikiona kimya wiki mbili naweka AS0, sio?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 3.

darajani_net: Ni ndefu sheikh, nipe kwa ufupi.

Mwandishi: Ufupi ndio uliowakosesha watu wa Chake mtandao. Isome.

suza_mwaka3: Mwalimu, shikamoo. Nimejaribu kwa mazoezi kuzitazama namba ndogo ndogo. AS3 inaonekana kila mara ni jirani wa mitandao isiyohusiana nayo kabisa. Ndiyo inaibiwa?

Mwandishi: Marahaba, na hongera, umetazama vizuri. AS3 ni ya MIT, Marekani, na mara nyingi unachokiona ni kosa la mkono. Mtu anataka kuirefusha njia yake ili isipendwe, kwa kurudia namba yake mara tatu. Kwenye MikroTik unaandika idadi, 3. Kwenye Cisco unatakiwa uandike namba yako yenyewe mara tatu. Aliyezoea ya kwanza akikaa kwenye ya pili anaandika 3, na AS3 inaingia kwenye njia. Ndiyo hivyo hivyo kwa AS2. Kwa hiyo ukipata arifa, kabla ya kusema mwizi, tazama mambo mawili: namba ni ndogo kama idadi ya kurudia? Na anuani zinazotangazwa ni za nani? Zikiwa za huyo huyo jirani, na zimekuwepo miaka, ni kosa. Zikiwa za watu mbalimbali wasiojuana na zimetokea ghafla, hapo kaza macho. Ukipata mfano mwingine ulete, nitakaa nao na wewe.

kisiwa_ndui: Namba za biti 32 ziko zaidi ya bilioni nne. Kwa nini mtu aibe asiombe yake?

Mwandishi: Swali zuri. Kuomba kunataka kampuni iliyosajiliwa, hati na malipo, na jina lako linabaki kwenye daftari. Namba ya zamani ina historia safi, imo kwenye vichujio vya watu, na pengine ina ROA hai. Anachokitaka ni sifa ya mwenyewe, namba tupu haimsaidii.

mpwani77: Mnatisha watu tu. Unguja nani atakuja kutuibia.

Mwandishi: Mwizi haji Unguja. Anaisoma ile ile orodha ya Hatua ya 1, iko wazi kwa dunia nzima.

forodhani_fiber: Nyongeza ndogo. Arifa na RIPEstat zote zinatoa saa za UTC, na vijana wa zamu wananichanganyia ripoti kila siku.

Mwandishi: Wafundishe hivi: toa tatu unapata saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja; jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. UTC 09:00 ni saa sita mchana, UTC 15:00 ni saa kumi na mbili jioni. Chini ya nne ongeza kumi na mbili kwanza: UTC 02:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Lakini kwenye kumbukumbu waandike UTC, maana utakayempelekea malalamiko yuko nchi nyingine.

forodhani_fiber: Miaka yote hii nilikuwa naongeza tatu kisha natoa sita. Ahsante sana.

darajani_net: Nimeisoma. Nimempigia mwenyewe. Anasema ipo ruta Wete, ndani ya kabati, imezimwa tangu mwaka jana ila mipangilio imo.

Mwandishi: Basi haijalala. ROA iache kama ilivyo. Muombe mtu wa Wete aiwashe mchana laini kuu ikiwa nzima, anakili mipangilio yote, na wewe tazama nje kama njia inapokelewa valid. Ukikwama nipigie wakati wowote kabla ya magharibi.