Nyumba ya kisasa ya mwanasesere: angalia unene kwanza

Ukijenga nyumba ya mwanasesere kwa kipimo cha 1:48, yaani kila kipimo cha nyumba halisi kinagawanywa kwa 48, kinachoiharibu mara nyingi si samani, ni unene wa kuta. Ukuta wa sentimita 15 unatakiwa uwe wa milimita 3 hivi, na chumba chenye kimo cha mita 2.4 kinabaki milimita 50 tu. Ukitumia ubao wa milimita 6 umejenga ukuta wa karibu sentimita 29. Hiyo ni ngome!

Mtindo wa kisasa hauna nakshi za kuficha kasoro, kwa hiyo kona ikiachia hata uwazi mdogo, inaonekana. Kata kwa wembe mpya, upitishe mara kadhaa kwa mkono mwepesi, kisha piga msasa laini. Kama ni kadibodi, ipake rangi kabla ya kuunganisha, tena pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu itapinda.

Sasa yale madirisha makubwa. Plastiki angavu ya maboksi ya bidhaa inafaa sana, lakini usiibandike kwa supaglu: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na kuusafisha ni kazi. Chukua gundi nyeupe ya mbao, weka tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno, ukingoni tu. Hukauka taratibu, ila ikishakauka huioni.

Nyaya za taa zipitishe kabla hujafunga paa.