Faili la kuasiliwa limefungwa: jinsi ya kuomba unapotafuta ndugu wa damu

Ukiambiwa "faili limefungwa", usidhani ni faili moja lililofungiwa kabatini. Mtoto akiasiliwa, karatasi zake hugawanyika. Mahakama iliyotoa amri ya kuasili ina zake, msajili wa vizazi ana kumbukumbu ya kwanza ya kuzaliwa, na shirika au ofisi ya ustawi wa jamii iliyosimamia shughuli nzima ina maelezo ya ndani kuhusu familia. Hospitali nayo huenda ina lake. Kila faili lina kufuli yake. Wengi wanaokata tamaa walibisha mlango mmoja tu, wakajibiwa hapana, wakarudi nyumbani.

Anza na makaratasi yaliyo nyumbani kabla ya kuandika ombi lolote. Waulize waliokulea, au kama wametangulia mbele ya haki, waulize shangazi na majirani wa zamani: niliasiliwa mahakama gani, mwaka gani, kwa mkono wa shirika gani, wakili alikuwa nani? Unachotafuta zaidi ni nakala ya amri ya kuasili, kwa sababu ina namba ya shauri, na namba hiyo humwezesha karani kulipata faili bila kupekua rafu nzima.

Kama amri haipo, chukua cheti chako cha kuzaliwa ukisome polepole. Mahali pengi, baada ya kuasiliwa hutolewa cheti kipya chenye majina ya wazazi wa kuasili, na kile cha kwanza hufungwa. Tazama tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kuandikishwa. Ukikuta ulizaliwa mwezi Machi na ukaandikishwa miaka miwili baadaye, huenda amri ilitoka muda mfupi kabla ya tarehe hiyo ya pili. Basi una mwaka wa kumtajia karani.

Hatua ya pili ni kuijua sheria, na hapa watu hupotea sana. Mara nyingi sheria inayokuhusu ni ya mahali amri ilipotolewa, si ya mahali unapoishi leo. Tofauti ni kubwa. Uskoti imewaruhusu walioasiliwa kuona kumbukumbu zao tangu sheria ya mwaka 1930. England na Wales walifungua mlango huo kwa sheria ya 1975, kwa waliotimiza miaka 18, ila aliyeasiliwa kabla ya tarehe 12 Novemba 1975 sharti aonane kwanza na mshauri. Ayalandi ilipitisha sheria yake mwaka 2022. Marekani kila jimbo lina lake: Kansas na Alaska hayakuwahi kuwafungia watu wazima vyeti vyao vya awali, New York ilivifungua tarehe 15 Januari 2020, na yako majimbo ambayo hadi leo yanadai amri ya mahakama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa msajili liwe hili: "Je, mtu mzima aliyeasiliwa anaweza kupewa cheti chake cha awali bila amri ya mahakama?" Akisema ndiyo, jaza fomu, ambatisha nakala ya kitambulisho, lipa ada, usubiri.

Akisema hapana, usikimbilie mahakamani bado. Liandikie kwanza shirika lililokuasilisha, uombe taarifa zisizomtambulisha mtu. Hizi ni zile zinazoeleza bila kutaja jina: umri wa mama alipokuzaa, kazi yake, elimu, dini, magonjwa ya ukoo, idadi ya watoto aliokuwa nao, sababu za uamuzi wake. Mashirika mengi hutoa haya hata pale faili lenyewe lisipoguswa. Lakini ukiandika "naomba faili langu" utajibiwa hapana kwa sentensi moja. Taja vitu kimojakimoja:

"Mimi niliasiliwa kupitia ofisi yenu mwaka huu na huu. Naomba umri wa wazazi walionizaa wakati huo, historia ya afya ya pande zote mbili, kama nilikuwa na kaka au dada, na kama kuna barua au picha iliyoachwa kwa ajili yangu. Naomba pia barua hii ibaki ndani ya faili, pamoja na ridhaa yangu ya kutafutwa."

Sentensi ya mwisho usiisahau. Huenda mama alishaandika miaka mingi iliyopita kwamba yuko tayari kupatikana, na pengine kilichokosekana ni ridhaa ya upande wako. Kwa sababu hiyohiyo jiandikishe kwenye sajili ya kutafutana, kama ipo huko: pande zote mbili zikijiandikisha, huunganishwa.

Mahakama ndiyo iwe hatua ya baadaye. Huko hupeleka ombi pamoja na hati ya kiapo, na kwa kawaida hutakiwa uonyeshe sababu nzito. Kiu ya kujua asili yako, hata iwe kali namna gani, mahakimu wengine huiona haitoshi. Ugonjwa wa kurithi wenye barua ya daktari hupewa uzito zaidi. Ushauri wangu ni kuweka maombi mawili katika karatasi moja: la kwanza, nipewe faili, la pili, mahakama ikiona haifai, iteue mtu wa kati alisome, amtafute mzazi kwa siri na kumwuliza kama anaridhia. Hakimu anayesita kufungua faili zima huona ni rahisi zaidi kukubali hilo la pili.

Kipimo cha DNA huenda sambamba na haya yote, hakisubiri ruhusa ya mtu. Majibu hupima kwa sentimogani, yaani kipimo cha kiasi cha DNA ambacho watu wawili wanashiriki: mzazi na mtoto hushiriki takriban sentimogani 3,400 au zaidi. Ndugu wa mzazi mmoja kama 1,700. Ila babu, bibi, shangazi na mjomba nao huangukia kiwango hichohicho, kwa hiyo angalia umri wa mtu kabla ya kumwita dada.

Jina likipatikana, usipige simu kazini kwake wala usimwandikie mahali ambapo wengine watasoma. Pengine mume na watoto hawajui kwamba uliwahi kuzaliwa. Mtu wa kati akiwepo, apeleke yeye. Asipokuwepo, barua fupi ndani ya bahasha isiyo na maelezo nje, yenye tarehe yako ya kuzaliwa, mahali, na namna ya kukupata. Akikataa kuonana, bado unaweza kumwomba, kupitia huyohuyo mtu wa kati, ajaze karatasi ya historia ya afya bila kuandika jina.