Kuomba likizo ya VESSA ukifanya kazi Illinois

Nimetoka kumsaidia dada mmoja wa hapa Chicago, mfanyakazi wa ghala, kupata ruhusa ya kwenda mahakamani na kuhama nyumba bila kufukuzwa kazi. Maswali yake ndiyo ninayoulizwa kila mara. VESSA ni sheria ya jimbo la Illinois inayompa likizo mfanyakazi aliyeathiriwa na ukatili. Haya ni ya Illinois tu. Majimbo mengine yana sheria zao.

1. Jua una wiki ngapi. VESSA inamlinda aliyepigwa au kutishwa nyumbani, aliyebakwa, na pia mfanyakazi ambaye mtu wa familia yake amepatwa na hayo. Mwajiri akiwa na watu 50 au zaidi, ni wiki 12 ndani ya miezi 12. 15 hadi 49, wiki 8. Chini ya hapo, wiki 4. Hata kama umeanza kazi juzi, umo. Unaweza kuzimega pia: nusu siku leo, siku mbili mwezi ujao.

2. Toa taarifa saa 48 kabla. Ukiwa umekimbia usiku, utaitoa baadaye. Andika barua pepe. Sipendi kabisa WhatsApp ya msimamizi: akiacha kazi, ushahidi wako umeondoka naye. Tena fungua anwani mpya, na usiandikie kwenye simu ambayo mwenzio anaijua nywila yake.

3. Uthibitisho. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa sababu wanaamini bila ripoti ya polisi hakuna likizo. Si kweli. Mwajiri akidai uthibitisho, kinachotakiwa kwanza ni maelezo yako mwenyewe ya kiapo. Juu yake unaongeza hati moja, *kama unayo*: ya polisi au mahakama, barua ya daktari, wakili, kiongozi wa dini au shirika linalosaidia waathirika, au ushahidi mwingine unaounga mkono maelezo yako. Kuchagua ni kwako. Kwa tukio hilohilo au mtesaji yuleyule, hawaruhusiwi kukudai hati ya pili ndani ya miezi 12.

Mimi huchagua barua ya shirika. Ripoti ya polisi ina mambo mengi ambayo meneja hana haja ya kuyasoma. Barua ya mchungaji inakubalika, lakini fikiria mara mbili: kama anasali na mumeo, habari zitafika nyumbani kabla ya barua kufika kazini. Maelezo ya kiapo yawe mafupi: nini kimetokea, siku gani unazihitaji, za kufanyia nini. Usisimulie ndoa yote. Sheria inamtaka mwajiri atunze siri, ila andika "siri" juu ya ukurasa hata hivyo, na ubaki na nakala.

Huna shirika? Piga 877-863-6338, simu ya jimbo ya ukatili wa nyumbani, usiku na mchana, uombe mkalimani wa Kiswahili.

4. Pesa. VESSA hailipi. Lakini ukifanya kazi ndani ya Chicago, tangu Julai 1, 2024 unajipatia saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 35 ulizofanya kazi, na inatumika kwa ukatili wa nyumbani pia. Kuanza nayo ni hiari yako. Mwajiri hawezi kukulazimisha.

5. Wakikataa au wakikufukuza, peleka malalamiko Idara ya Kazi ya Illinois. Muda ni miaka 3, lakini peleka mapema, barua pepe zako zikiwa bado zinafunguka.