Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanga Matawi na Tagi za Programu-jalizi ya Moodle

Mwandishi wa programu-jalizi, yaani kipande cha programu kinachoongezwa kwenye mfumo mwingine, hana mamlaka kamili juu ya ratiba yake, kwa kuwa mfumo anaoutegemea hubadilika bila kumngoja. Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, hutoa toleo kuu mara mbili kwa mwaka, na toleo 4.5 la Oktoba 2024 litapata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027, kwa hiyo vipo vyuo vitakavyobaki nalo huku vingine vikiwa vimekwisha kuhamia 5.0. Kabla ya kufungua tawi lolote la Git (programu ya kutunza historia ya msimbo; tawi ni mkondo wake unaoendelezwa kando), amua utahudumia matoleo yapi, kisha uyatamke katika faili ya version.php.

Msimbo mmoja ukiweza kuyahudumia yote, tawi moja linatosha. Kwa anayefanya kazi peke yake ningesisitiza hivyo, kwani kila tawi la ziada ni mahali pengine pa kurudia rekebisho lilelile.

Ukilazimika kugawa, chunga namba ya toleo la programu-jalizi yako, iliyomo katika version.php, kuliko jambo jingine lolote. Namba hiyo ina tarakimu 10, yaani mwaka, mwezi, siku na tarakimu 2 za nyongeza, na Moodle haikubali irudi nyuma. Tuseme tawi la 5.0 lina 2025042800 na la 4.5 lina 2024100700. Ukirekebisha hitilafu kwenye tawi la 4.5 mwezi Juni 2025 ukaandika 2025061000, chuo kitakachopokea rekebisho hilo, kisha kikapandisha Moodle hadi 5.0, kitakuta namba mpya ni ndogo kuliko iliyomo katika hifadhidata, na zoezi zima litasimama. Kwa hiyo tarehe ya tawi la zamani huachwa palepale, zikapanda tarakimu za mwisho tu: 2024100701, 2024100702. Nafasi 99 huonekana chache, ingawa tawi litakalozimaliza litakuwa na tatizo kubwa kuliko namba.

Kuhusu tagi, yaani alama zinazobandikwa kwenye hatua fulani ya msimbo, tumia zile zenye maelezo, zinazohifadhi jina la aliyeziweka na tarehe, na jina kama v2.3.1 lilingane na lililoandikwa katika version.php. Kumbuka kwamba amri ya git push pekee haipeleki tagi kwenye seva. Zaidi ya hayo, tagi iliyokwisha kutolewa isihamishwe, kwa sababu waliokwisha kuipakua watabaki na ile ya kwanza bila kujua. Toleo likitoka na kosa, toa v2.3.2, hata ikiwa ni saa moja tu baadaye.