RAV4 ya petroli au Leaf ya umeme?

Unayepiga hesabu kati ya RAV4 ya petroli na Nissan Leaf iliyotumika Japani, usianzie bei ya mafuta. Anzia gari linapolala. Kama umepanga ghorofani na huna soketi yako pa kuegesha, chukua petroli tu. Ukiwa na ua wako, washa Leaf utazame dashibodi: kuna vijimstari vya chaji, na pembeni vidogo vya uzima wa betri. Hivyo vidogo vikiwa kamili ni 12, na kikipotea hukirudishi kwa kuchaji. Betri yake haipoozwi kwa maji, kwa hiyo joto la Dar huichosha mapema. Muuzaji mjanja anaweza kuviseti upya hivyo vijimstari vidogo vionekane kamili. Mwambie fundi apime betri kwa LeafSpy, programu ya simu inayosoma hali yake. Na safari ndefu ya kwenda Moshi Krismasi? Azima RAV4 ya shemeji.