Kabla wakaguzi wa ithibati hawajabisha hodi

Nilipokabidhiwa kuandaa shahada yetu ya uhandisi umeme iombe ithibati ya ABET, shirika la Marekani linalothibitisha ubora wa shahada za uhandisi, nilidhani nitahangaishana na makarani. Kumbe anayekuja kukukagua ni mhandisi mwenzio, anajitolea tu, kachaguliwa na chama cha fani yake. ABET yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1932, ni vyama hivyo vimekaa pamoja. Umeme ni IEEE, ujenzi ASCE, mitambo ASME, kompyuta CSAB.

Kwa hiyo usiishie kwenye vile vigezo vinane vya jumla vya ABET. Soma na cha fani yako. Cha umeme, kwa mfano, kinataka uwezekano na takwimu ndani ya mtaala, somo ambalo sisi tulikuwa tumelichomeka kama kiraka.

Ruhusa ya nyumbani iombe mapema. Shahada ya nje ya Marekani haikaguliwi mpaka mamlaka za nchi husika ziafiki, na kwa chuo kikuu cha hapa Dar maana yake uanzie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Uwe pia na mhitimu wa shahada hiyo, hata mmoja.

Kazi hasa ni ripoti ya kujitathmini. Mkaguzi hasisimki ukimwambia mnafundisha vizuri. Anauliza: mliona wanafunzi wamekwama wapi, mkabadilisha nini, halafu ikawaje? Sisi jibu tulikuwa nalo. Mwaka wa pili walikuwa wakipima volti, wanachora mstari ulionyooka kama rula, hakuna anayetaja makosa ya kipimo. Tukabadilisha zoezi la maabara, wakaanza kuyataja. Safi. Ila ripoti za maabara za wanafunzi wa zamani, za kuonyesha hali ilivyokuwa kabla, zilikuwa ndani ya boksi kwenye sakafu ya stoo. Nililinyanyua, kitako kikabaki chini, mchwa na udongo tupu.

Basi skani wiki ileile ya kusahihisha. Kila kazi chukua tatu: nzuri, ya kati na mbovu. Mbovu usiifiche, ndiyo inayoonyesha mlirekebisha nini. Faili lipe namba ya tokeo linalopimwa, yaani lile ABET inalotaka mhitimu aliweze, 1 hadi 7, la sivyo utatafuta mpaka usiku.

Fanyeni ukaguzi wa majaribio. Mwombeni mhandisi wa nje, mkimpata kupitia Taasisi ya Wahandisi Tanzania itakuwa vizuri, na mwacheni amhoji fundi wa maabara bila nyie kuwepo. Wetu alimuuliza kizimamoto kilikaguliwa lini. Kimya.

Wakaguzi hukaa kama siku tatu, na siku ya mwisho mnasomewa mliyokosea, kuanzia zito hadi jepesi: upungufu, udhaifu au angalizo. Msibishane palepale. Mna siku 7 za kusahihisha walipokosea ukweli, na rasimu ya ripoti yao ikifika mna siku 30 za kuijibu. Kamisheni ya ABET hupiga kura Julai inayofuata, na ithibati ndefu kabisa ni ya miaka 6.

Stoo yetu sasa ina rafu za chuma.